Alama Iliyo Begani Mwako

Mwanangu Rajabu,

Ya sabuni, ya nguo, ya kulifunga sanduku kwa kamba kabla hujasinzia garini, nimekwisha kuyasema mpaka umenichoka, na sitayarudia. Bibi yako yuko kwenye mswala, nami nimeketi hapa uani naandika kabla mwanga haujaisha. Nitakupa barua hii asubuhi ukishanawa uso, uisome kabla hatujatoka kwenda zahanati. Si barua ya kusomea kwenye treni. Huko itakuwa imechelewa.

Jana uliposikia kwamba shule haimpokei mtoto asiyechanjwa ndui, ulicheka. Ulikunja mkono wa shati ukanionyesha bega. "Mama mdogo, alama si hii hapa? Dresa wa zahanati akiiona atanipitisha." Nikasema ni bora uchanjwe upya, maana huko bara uendako maradhi yameanza kusikika. Ndipo kicheko kikakutoka usoni. Ukasema, "Mie sichanjwi. Mama alichanjwa. Yuko wapi?"

Niliingia jikoni nikajifanya napuliza moto. Ulidhani umenishinda kwa hoja, na kwa hoja uliyokuwa nayo hakuna ambaye angekushinda. Mama yako alisimama kwenye mstari, akachanjwa, akafa kwa ndui. Hayo ndiyo tuliyokulisha tangu ulipoanza kuuliza. Kila neno ni la kweli, na yote pamoja ni uongo.

Alama hiyo iliyo begani mwako si ya chanjo, Rajabu. Ni ya pembe ya kuumikia. Bibi yako ndiye aliyeiweka.

Nimeandika hivyo, nikasimama, nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Mwaka ule wa vita wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaacha ziwa. Baba yako alikuwa amechukuliwa jeshini, na huko ndiko alikobaki. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya wasichana, ndiyo kwanza naanza ualimu, sijafika hata miaka ishirini, na hapakuwa na jambo nisilolijua. Ndui haikuingia Temeke kwa kelele. Ilianza kwa kupunguza sauti. Asubuhi huku kwetu watu walikuwa wakiamshwa na vinu, kila nyumba na mlio wake, na mtu aliyelala kitandani aliweza kujua nani ameamka na nani bado. Kisha asubuhi moja unasikia pengo. Kinu cha nyumba ya kona hakipo. Unangoja, labda wamechelewa. Kesho yake pengo la pili, karibu zaidi na kwenu. Hakuna aliyeuliza. Watu walitwanga huku wameinamisha masikio, wakisikiliza wapi pamenyamaza.

Jina lake halikutajwa. Wazee walisema "mgeni". Mgeni yuko kwa fulani, mgeni hajaondoka. Wakatuwekea sharti: ukisikia jina lako mchana wa jua kali na humwoni anayekuita, usiitike "abee" mpaka uitwe mara ya tatu. Mgeni, walisema, hana subira. Huita mara mbili, asipoitikiwa hupita. Basi mitaa ikajaa watu walioitwa wasiitike. Mama anamwita mwanawe mlangoni, mtoto anasimama mchangani, anamtazama, anahesabu. Mimi niliyaona hayo nikayacheka.

Wachanjaji walikuja na gari lililofunikwa turubai. Mbele yao alitembea karani wa kodi, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua nyumba zote. Hebu fikiri. Mtu ambaye watu walimkimbia wakajificha migombani kila alipotokea ndiye aliyetumwa kuwaambia watoke nje. Kabla gari halijazima moto habari zilikuwa zimefika kisimani: ni mumiani, wanakusanya damu, askari waliolala hospitali wanaihitaji, na wazungu wanaitengenezea dawa.

Nilikwenda kisimani siku ile kwa makusudi, niwafundishe. Alikuwapo Bi Mosi, yule aliyekuwa akiuza vitumbua pale njia panda, na wanawake wengine na ndoo zao.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kutuhesabu na weye?"

"Nimekuja kuteka maji. Mbona hamwendi kuchanjwa?"

"Tuchanjwe? Lile gari halina dirisha. Kitu kisicho na dirisha kinabeba nini, mchanga?"

"Kinabeba dawa."

"Dawa!" Akawageukia wenzake. "Jamani, dawa inafunikwa turubai. Kwani ina haya?"

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mmoja akasema, "Mwache mwalimu atangulie. Akinyonywa yeye hakuna hasara, watakuta wino mtupu."

Leo nikikumbuka nacheka nami. Siku ile sikucheka. Niliona ninadharauliwa na watu nisiodhani kuwa wana haki ya kunidharau, nikawaambia maneno mawili: "Ujinga utawaua." Kisha nikajitwika ndoo nikaondoka shingo imenyooka.

Maneno yale hayakupotea, mwanangu. Ndui ilipowaingia wale wanawake, Bi Mosi akiwa wa pili kuzikwa, waliobaki hawakusema kwamba mwalimu alikuwa na haki. Walisema mwalimu alitamka. Hata leo wako wazee mtaa wa nyuma ambao nikipita huwavuta wajukuu zao na kuwafunika uso kwa upande wa kanga. Umewahi kuniuliza kwa nini. Ni kwa sababu hiyo. Nilisema kweli kwa ulimi wa kulaani, na watu wakasikia laana tu.

Sasa nikuambie ya mama yako.

Zuhura hakuwa akiogopa gari wala karani. Nilimfuata nyumbani kwake nikamkuta anapepeta mchele. Nikamwambia kesho ni siku ya mwisho ya wachanjaji. Akasema, "Ngoja kidogo, mdogo wangu. Mwezi ujao nitakwenda."

"Mwezi ujao wataondoka."

"Watarudi."

"Mwezi ujao utakuwa kaburini, na mtoto huyu pamoja nawe. Au nawe umeamini mambo ya mumiani? Mtu na dada yake aliyesoma?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alinitazama kama mtu anayepima iwapo mzigo utaingia mlangoni au hautaingia. Kama ningenyamaza pale kidogo tu, kwa muda wa kutoa punje mbili za chuya, nafikiri angenieleza. Lakini mimi nilikuwa naendelea kusema. Akauweka ungo chini. "Haya, Salima. Twende."

Nilifurahi! Nilitembea mbele yake kama mtu aliyeteka mji. Mlichanjwa nyote wawili siku ile, kwa mkono wa dresa mmoja mpole aliyekupa kifuu cha nazi ukichezee unyamaze. Tuliporudi mama yako aliubeba mkono wake mbali na mwili, kama mkono wa mtu mwingine alioombwa aushike kwa muda. Njiani akasema atapitia kwa Mama, huyu Bibi yako. Mimi nikaenda zangu kujisifu.

Unamjua Bibi yako kwa kuumika. Watu wanatoka hata Ubungo kuja kutolewa damu ya kichwa na ya mgongo. Umemwona anavyochanja kwa wembe, anavyobandika pembe, anavyovuta kwa mdomo na kuziba tundu kwa nta. Siku ile mama yako alifunga mlango wa chumba kwa ndani, akamwambia, "Mama, nitoe hii dawa. Nina kitu tumboni, na bado kichanga."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yake, Rajabu. Baba yako alikuwa amekuja likizo kabla hajapelekwa ng'ambo. Na wewe wajua kwetu mimba changa haitajwi, si kwa dada, si kwa jirani, mpaka ijionyeshe yenyewe. Alikuwa akiingoja tangu akuzae wewe. Alijiuliza kitu kinachomfanya mtu mzima apate homa kitafanya nini kwa kiumbe kisicho hata na jina. Lilikuwa swali zuri. Dresa angeweza kulijibu. Hakuna aliyemwuliza, na mila ilimfunga asiulize.

Bibi alichukua wembe na pembe. Alivuta, akamwaga, akavuta tena, mpaka akaridhika kwamba kilichoingia kimetoka. Akapaka ndimu na chumvi. Kisha akauliza, "Na mtoto?" Mama yako akasema, "Na mtoto."

Mama yako hakuwa mwoga wala mkaidi. Aliwapenda watu wawili, mama yake na mdogo wake, akatutii wote wawili kwa siku moja.

Baada ya siku chache bega lake lilivimba, likafanya duara jekundu zuri, lenye ukingo. Nilipoliona nilipiga vigelegele. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba chanjo iliyoshika huacha alama. Nikamshika mkono nikampitisha nyumba hadi nyumba, nikamfunua kanga begani mbele ya wanawake: "Tazameni! Imeshika!" Naye alisimama, akaniacha nimwonyeshe. Mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye pembe, niliyeshika taa mara ngapi mama akiumika watu, nililitazama duara la pembe nikaliona chanjo, kwa sababu ndicho nilichotaka kukiona.

Na wengine walishawishika. Walikwenda kuchanjwa kwa ajili ya bega lile. Kisha, baadhi yao, wakapita mlango wa uani kwa Bibi.

Mama yako aliugua mgongo kwanza, halafu homa. Wagonjwa walikuwa wakipelekwa kambini, vibanda vya makuti ng'ambo ya bonde, kupita shamba la mihogo. Bibi alitaka kwenda kumwuguza. Yeye aliugua ndui utotoni, makovu yake unayajua, na alisema mgeni hamrudii mtu aliyekwisha kumla. Walinzi wakamkatalia. Tuliruhusiwa kupeleka chakula tu na kukiacha juu ya jiwe, kisha turudi nyuma, ndipo mlinzi akichukue.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka, wakati wa adhuhuri. Siku moja nimeweka bakuli la uji, nimegeuka, nimefika katikati ya mihogo. Jua lilikuwa utosini, hapakuwa na kivuli hata cha kidole. Upepo hakuna. Nikasikia, "Salima."

Nyuma yangu. Karibu. Sauti ya Zuhura, na ile namna yake ya kulivuta jina langu mwishoni kama alivyokuwa akiniita tukiwa watoto nikijificha nyuma ya pipa la maji. Nikasimama.

"Salima."

Nilikuwa nimesoma, Rajabu. Niliweza kuchora kwenye ubao jinsi ugonjwa unavyopita kutoka mtu hadi mtu. Nilikuwa nimewacheka watoto waliohesabu mlangoni. Nami nilisimama katikati ya mihogo ile, nikingoja mara ya tatu. Sikugeuka. Haikuja. Majani hayakutikisika. Nikaanza kutembea, kisha nikakimbia.

Magharibi mlinzi alikuja kutuarifu kwamba amekufa. Nikamwuliza lini. Akasema alfajiri. Mwenzake aliyesimama nyuma akasema hapana, baada ya adhuhuri, alikuwa ametoka kibandani, walimkuta amelala upande wa mihogo. Wakabishana palepale mlangoni, na kila mmoja alikuwa na hakika. Walimzika hukohuko. Mpaka leo sijui niliitwa na nani. Kama alikuwa dada yangu, basi aliniita mara mbili na nikamwacha. Kama hakuwa yeye, sitaki kujua.

Tangu siku ile siwezi kumcheka mtu anayeogopa. Nilikuwa nadhani hofu ni ya wasiojua kusoma. Nikagundua kwamba inajua jina langu, na sauti ninayoipenda, na saa ambayo niko peke yangu.

Matanga yalipokwisha Bibi aliniita chumbani akanieleza yote, ya pembe na ya mimba. Alisema bila kulia. Kisha tukatoka nje, na kwa kuwa hakuna aliyetuuliza, hatukusema. Watu walisema, "Zuhura alichanjwa, akafa." Sisi tuliitikia kwa kichwa. Nilijiambia ninamfichia mama yangu aibu, kisha nikajiambia ninamfichia mtoto, yaani wewe, uliyekuwa ukilala mgongoni kwa Bibi na hukubali kulishwa na mtu mwingine.

Lakini neno tuliloliacha halikukaa mahali tulipoliacha. Kila wachanjaji wanapopita, mtu hulitaja jina la mama yako. Na mwaka juzi nilikwenda Kimbiji kwenye maziko ya mwalimu mwenzangu. Nilikaa jikoni na wanawake, tunamenya muhogo. Mama mmoja nisiyemjua, naye hanijui, akaanza kutusimulia kwa nini yeye hatachanjwa kamwe. Alisema alikuwapo mwanamke wa Temeke, mzuri, dada yake mwalimu. Dada akamlazimisha kuchanjwa. Bega likafanya duara kama mdomo. Mwanamke akafa, lakini lile duara halikufa. Mchana wa jua likawa linaita watu majina, kwa sauti ya marehemu, mara mbili mbili.

Kisu kiliniponyoka. Sikuwahi kumwambia mtu habari za shambani. Si Bibi, si mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza kuzijua.

Nilipaswa kusema palepale. Nilipaswa kufunua kanga yangu niwaonyeshe bega langu mwenyewe, ambalo lilichanjwa kweli na halijawahi kumwita mtu. Niliokota kisu nikaendelea kumenya. Na yule mama, sijui kama yu hai.

Leo mchana nilimwendea Bibi yako. Alikuwa anachambua choroko.

"Mama, nitamwambia Rajabu."

"Lipi?"

"La pembe."

Hakuinua macho. Alichambua mpaka sinia likaisha, nami nimesimama. Kisha akasema, "Atanichukia."

"Huenda."

"Basi achukie. Lakini achukie yu hai." Akalisukuma sinia. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwambie alama yake ni kubwa kuliko ya mama yake kwa kuwa yeye nilimvuta zaidi. Nilikuwa nampenda, nikaona nivute mpaka mwisho."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Utayafanyia utakalo. Mimi imenichukua miaka kumwelewa, nawe una asubuhi moja tu, kwa hiyo sitaki umsamehe kesho. Ila ujue kwamba hakukufanyia uovu. Alikufanyia kile alichokijua, kwa nguvu zake zote.

Sasa bega lako liko wazi, mwanangu, kama siku uliyozaliwa. Hakuna kitu ndani yake kinachokulinda. Kesho dresa atalitazama, ataona duara, atakupitisha. Ni kijana, ana watu wengi, hajawahi kuumikwa. Utapanda treni uende kwenye ugonjwa ukiwa na ngozi tupu na kovu linalodanganya.

Sitakuacha upite hivyo. Lakini sitakuburuta wala kukuaibisha mbele ya watu, maana nilikwisha kufanya hivyo mara moja nikapata nilichopata. Nikikulazimisha, utanyoosha mkono kwa ajili yangu, na jioni utatafuta namna ya kukitoa kilichoingia. Mwili huo ni wako, na mlango wa uani huwa haukosekani.

Basi nakuuliza lile ambalo sikumwuliza mama yako. Unaogopa nini? Usiniambie ninachopenda kusikia. Kama ni kifo chake, sasa unajua kwamba hakuuawa na chanjo. Kama ni kitu kingine, nataka kukijua.

Ukiona uko tayari, mwambie dresa mwenyewe kwamba alama hiyo ni ya pembe. Atashangaa, mwache ashangae. Ukiona bado, tutageuka na sanduku lako kichwani kwangu, treni iende, na tutakaa hapa uani siku hiyo na zinazofuata, uniambie yote, hata yale unayoona ni ya kuchekesha, hata kama unachokiogopa ni mimi. Shule inaweza kukukosa. Mimi siwezi.

Mama yako mdogo,
Salima